Siku nne kuizunguka Mwanza kwa baiskeli

Nimezaliwa Igoma, nimesoma Igoma, na mpaka leo nalala Igoma. Miaka 41 naingia na kutoka mjini kwa barabara zilezile tatu: ya Nyerere inayokwenda Musoma, ya Kenyatta inayokwenda Shinyanga, na ya Makongoro inayokwenda uwanja wa ndege. Zimekaa kama vidole vitatu vya mkono mmoja. Zamani gari kubwa likitaka kuhama kidole kimoja kwenda kingine, lilirudi mpaka kiganjani, katikati ya mji.

Siku hizi kuna njia za nje. Ipo baipasi ya Usagara hadi Kisesa. Ipo barabara ya ziwani inayotoka Nyanguge, inapita Kayenze na Igombe, na kutokea uwanja wa ndege. Mwaka 2025 limeongezeka Daraja la Kigongo–Busisi. Nilipozichora zote kwenye karatasi niliona mduara kamili, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa maji, na penye maji pana kivuko. Nikamwonyesha mpwa wangu, amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Akasema, "Mjomba, twende."

Haya nayaandika wiki mbili baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lake na picha za simu yangu.

Alhamisi, 7 Agosti 2025: Igoma – Kamanga – Sengerema

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili tuipite Mabatini kabla daladala hazijaanza kugombania abiria. Baiskeli yangu ni ile ya chuma yenye keria nzito, gurudumu la 28, ninayoifanyia kazi kila siku. Ya mpwa ni ya gia, ya mtumba. Tulibeba shuka mbili, pampu, viraka, solusheni, tyubu moja ya akiba kwa kila mmoja na maji lita tatu. Hatukubeba spoku, na siku ya tatu tuliijua thamani yake.

Kivuko cha kwenda Kamanga kinaondokea mjini kabisa, karibu na Jiwe la Bismarck. Mimi na mpwa pamoja na baiskeli tulilipa chini ya shilingi 5,000. Ukiwa na baiskeli subiri magari yapangwe kwanza, kisha ishikilie mwenyewe muda wote. Usiiegemeze kwenye gari la mtu, chombo kikigeuka inaanguka. Pembeni yetu alikaa mama mwenye matenga mawili ya nyanya, akatuuliza tunakwenda kuuza nini. Mpwa akamwambia tunaizunguka Mwanza. Mama akamtazama, akanitazama, akasema, "Mungu awatangulie," na akatupa nyanya nne.

Nawasihi wenyeji wenzangu wapande kivuko hiki angalau mara moja wakiangalia nyuma. Ukiwa ndani ya mji unaona ukuta wa jirani na mgongo wa daladala. Ukiwa majini unaona jinsi nyumba zilivyopanda juu ya mawe, moja juu ya paa la nyingine, Hospitali ya Bugando ikiwa kileleni, na unaelewa kwa nini barabara zetu ni chache. Mawe yamekaa huku, ziwa limekaa kule, na watu pamoja na magari yao wamejibana katikati. Wajerumani walipoanzisha kituo hapa mwaka 1892 walitaka bandari ya pamba, hawakuwaza semitrela.

Kutoka Kamanga hadi Sengerema sina mengi ya kueleza, tulisukumana na upepo wa mbele hadi alasiri. Gesti ya vitanda viwili shilingi 15,000, wali maharage na mboga shilingi 2,500 kwa sahani. Tulilala saa mbili usiku.

Ijumaa, 8 Agosti, Nanenane: Sengerema – Busisi – Kigongo – Usagara

Kwangu hii ndiyo ilikuwa siku kubwa.

Mwaka 2009 tulikesha Busisi na jeneza la shangazi yangu. Tulifika tumechelewa, kivuko cha mwisho kimeshavuka. Tukakaa kando ya barabara tukiwasha mabua, ng'ambo tukiziona taa za Kigongo. Asubuhi tulipovuka, watu wa msibani walikuwa wamechoka kutungoja kuliko walivyochoka kulia. Tangu siku ile kila nilipolisikia jina la Busisi nilisikia na harufu ya moshi wa mabua.

Sasa pana daraja la kilomita 3, la njia nne, lenye njia ya waenda kwa miguu na nguzo kubwa zenye kamba za chuma zinazolishikilia. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019 na hayati Rais Magufuli, ambaye daraja limepewa jina lake, na Rais Samia alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Tulipopita lilikuwa halijamaliza miezi miwili.

Kabla ya kupanda tulikunywa chai kwa mzee mmoja wa Busisi. Zamani aliwauzia mayai ya kuchemsha na karanga watu waliokuwa wakisubiri kivuko. Nikamuuliza biashara ikoje. "Foleni ndiyo ilikuwa soko letu," akasema. Trei aliyokuwa akiimaliza asubuhi sasa anarudi nayo nusu nyumbani, kwa sababu gari halisimami tena. Amesogeza meza mpaka kwenye barabara ya kuingilia darajani, labda watu watamzoea. Kisha akaongeza jambo ambalo mpwa aliliandika kwenye daftari neno kwa neno: "Lakini Julai binti yangu alishikwa na uchungu usiku, tukavuka, tukafika Bugando hakujapambazuka. Kwa hiyo mimi daraja hili silisemi vibaya." Chai mbili, mayai manne, shilingi 2,800. Ukipita, simama kwake au kwa wenzake. Wapo kabla hujaanza kupanda, upande wa Sengerema.

Tulivuka kwa dakika kumi na nne. Upepo ulikuwa wa ubavuni, mkali, kiasi kwamba mpwa alishuka mara mbili akasukuma. Mwenye baiskeli nyepesi avuke asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Katikati nilipunguza mwendo nikatazama chini. Maji ya Busisi ukiwa juu yake ni ya kijani, si ya kijivu kama nilivyoyakumbuka. Sikumwambia mpwa kitu. Yeye wakati wa msiba ule alikuwa mtoto mdogo tu, kwake daraja ni daraja.

Kigongo hadi Usagara ni mwendo mfupi. Njia panda ya Usagara ndiko lori hufanya uamuzi: kushoto uingie mjini kupitia Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni, au ushike baipasi ukatokee Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Jioni kwenye kibanda cha mama lishe tulikaa meza moja na dereva aliyepakia saruji na utingo wake. Dereva yule amekuwa barabarani tangu kabla baipasi haijajengwa. Alisema kutoka Shinyanga kwenda Musoma ilikuwa lazima ushuke Mkuyuni, upite katikati ya mji, upande Mabatini, na siku ya soko mahali pale pafupi palimla saa mbili na mafuta ya bure. "Na roho juu," utingo akadakia, "maana watoto wa shule wanakatiza tu." Mimi ni mmoja wa watoto wale. Nilikuwa navuka barabara ya Musoma mara mbili kwa siku, mbele ya magari ambayo hayakuwa na shida yoyote na Igoma, yalikuwa yanapita tu.

Ugali na sato wa kukaanga shilingi 6,000, samaki mmoja tukala wawili. Gesti shilingi 20,000. Omba chumba cha nyuma, magari hayalali.

Jumamosi, 9 Agosti: Usagara – Kisesa – Nyanguge – Kayenze

Baipasi ni kilomita 16 na ushee za lami. Tulianza saa kumi na mbili na nusu, jua likichomoza mbele yetu, na tuliipita kwa saa moja na nusu kwa sababu ya vilima. Unavuka eneo la Fela, ambako utaona tuta la reli ya SGR, kipande cha Mwanza–Isaka chenye kilomita 341, limenyooka kwenye majaruba kama mtu aliyepiga mstari kwa rula. Halafu mawe, mihogo, mawe tena. Tulipishana na baiskeli nyingi kuliko magari: mkaa, madumu ya maziwa, kijana mmoja na mbuzi wawili wamefungwa keriani, wametulia kama abiria.

Hapa nina neno. Baipasi ilijengwa ili magari mazito yasiingie mjini, lakini mji haukukaa ukangoja, umeifuata lami hukohuko. Kila baada ya mwendo kidogo kuna kibao cha viwanja vinauzwa, kibanda cha chipsi, gereji, tofali zimepangwa mpaka ukingoni. Sheria ya Barabara ya 2007 inataka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu ziachwe wazi. Nyumba nyingi za zamani zimeheshimu. Ni vibanda vipya vinavyosogea, leo meza, kesho mwavuli, keshokutwa bati. Nawaelewa, mimi mwenyewe ni mtu wa biashara ndogo na najua wateja wako wapi. Lakini Mabatini ilianza hivyohivyo. Tukiacha ijirudie hapa, wajukuu watatafuta baipasi ya baipasi. Na bega la barabara tuwaachie wenye baiskeli. Mahali pengine mchanga umelifunika, na mwenye mkaa anaingia lamini wakati semitrela iko nyuma yake.

Kisesa tulikunywa maziwa mgando kwa michembe ya viazi vitamu, shilingi 1,500 kila mmoja, kisha tukapanda Bujora. Kanisa la pale ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na kwenye makumbusho kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ndani yake ngoma za watemi. Kazi hiyo ilianzishwa na padre David Clement kutoka Kanada, aliyeona ngoma na nyimbo hazina ugomvi na misa. Ukiweza, nenda Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanaposhindana. Sisi tulikuta pametulia, kijana wa zamu akatuzungusha bila haraka. Mpwa alisimama muda mrefu mbele ya ngoma moja ambayo ngozi yake imeshonwa kiraka. Akaniambia, "Mjomba, walikuwa wanaziba kama tunavyoziba tyubu."

Baada ya Kisesa tulishika barabara ya Musoma, na hapo nikaanza kusikia mlio nyuma yangu, tik, tik, tik. Karibu na Nyanguge gurudumu likaanza kugusa breki. Spoku mbili zimekatika, ringi imepinda.

Fundi alikuwa chini ya mwembe, mzee wa miaka sabini hivi, amekalia tairi la gari. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mzee." Akaitikia, akaitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi. Aliipindua, siti na usukani chini, akalizungusha gurudumu na kukisogeza kidole gumba mpaka karibu na ringi bila kuigusa. Kila ringi ilipoyumba ilimgusa kucha. Akalisimamisha, akaweka alama ya chaki, akazungusha tena. Alipomaliza kulikuwa na alama tano. Spoku mpya alizokuwa nazo zote zilikuwa fupi, za baiskeli za gia. Akanyanyuka, akalishusha gurudumu bovu lililoning'inia kwenye tawi, akachomoa spoku mbili ndefu, akazisugua kutu kwa msasa, akazipaka mafuta ya mashine na kuzipitisha kwenye nafasi zake. Halafu akaanza kukaza kwa kispana kidogo kilichochakaa mpaka kinang'aa: robo mzunguko upande huu, robo upande ule, anazungusha, anasikiliza. Ndiyo, anasikiliza. Alikuwa anagonga kila spoku kwa kucha, na iliyolegea ilitoa sauti nzito kuliko wenzake. Ilimchukua saa nzima na nusu. Mwisho ringi ilipita mbele ya kidole bila kugusa.

Shilingi 2,000. Nikampa 5,000, akarudisha chenji yote. Kisha akanipa kile kispana.

"Ringi yako imechoka, zitalegea tena kwenye vumbi. Ukifika Igombe zikaze, robo tu, usizidishe."

"Mzee, sitakuwa na jinsi ya kukirudisha."

"Umesema unakaa Igoma. Magari ya Magu si yanapita hapo?"

Barabara ya kushoto kutoka Nyanguge kwenda Kayenze tulipopita ilikuwa ya vumbi. Tulikuwa tumechelewa. Jua likazama mbele yetu upande wa ziwa, na halijamaliza kuzama, mwezi ukachomoza nyuma, mzima, mwekundu kama udongo wa kichuguu. Kwa muda mfupi tulikuwa na mwanga pande zote mbili, kisha wa mbele ukazimika na vivuli vyetu vikalala barabarani, virefu, vinatutangulia. Hatukuhitaji tochi. Kila tulipopita nyumba watoto walitoka mbio kutusalimia, na mbwa hawakutusumbua.

Kayenze tulifika saa mbili na nusu usiku. Gesti tuliyoelekezwa ilikuwa imejaa. Mama mmoja muuza samaki alituona tumesimama na baiskeli, akauliza tumetoka wapi. Tulipomwambia alicheka, akamwita binti yake atuwekee maji ya kuoga. "Kijana wangu yuko kisiwani Bezi, chumba chake kiko wazi. Ingieni, wanangu." Alitupa ugali na sato wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya. Asubuhi alikataa hela ya chumba, akapokea 4,000 ya samaki tu, tena baada ya kumwambia ni ya daftari la mtoto. Nawaomba wanaopita: usifike Kayenze usiku ukitegemea kupata chumba. Piga simu mapema au lala Nyanguge.

Jumapili, 10 Agosti: Kayenze – Igombe – uwanja wa ndege – mjini

Nilitarajia kuamshwa na injini za mitumbwi ikirudi na dagaa. Kulikuwa kimya. Nilipotoka kwenda mwaloni nikaiona mitumbwi yote imevutwa juu, vichanja vya kuanikia vitupu, na wanaume wamekaa mchangani wanashona nyavu. Mwezi ulikuwa mkubwa. Dagaa huvutwa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwi na kazi. "Tunasubiri giza," mmoja akaniambia, akiuma uzi kwa meno. Siku kama kumi hivi kila mwezi huwa wanakaa namna hiyo.

Nilimuuliza dagaa wakitoka hapa wanakwendaje mjini. Kwa gari la mzigo, kupitia Igombe, uwanja wa ndege, Pasiansi, Kirumba. Na wa kwenda Musoma? Akanyoosha sindano ya nyavu kuelekea tulikotoka jana. Kiangazi gari linapita. Masika, alisema, wakati mwingine linazunguka mjini kwanza ndipo litokee Kisesa, na gunia la dagaa likinyeshewa njiani linashuka bei, linakuwa la chakula cha kuku. Kipande hiki cha vumbi ndicho kinachoubakiza mduara wazi. Nimekipita kwa baiskeli, nimekiona jinsi kilivyo, na watu wa mwambao huu wanastahili lami kama Usagara ilivyoipata.

Igombe nilikaza spoku tatu, robo robo, chini ya macho ya mpwa aliyeshika simu anirekodi. Chapati mbili na chai shilingi 1,300. Baada ya hapo magari yaliongezeka, uzio wa uwanja wa ndege ukaanza, ndege moja ikatua juu ya vichwa vyetu, tukaingia Pasiansi, na kutoka pale hadi mjini ni barabara ninayoijua kwa macho yaliyofumba.

Saa saba mchana tulisimama pale tulipopandia kivuko siku ya Alhamisi. Mpwa alilishusha gurudumu lake la mbele mpaka kwenye saruji yenye maji, alitaka liguse pale pale. Kisha tukapanda Mabatini kwenda nyumbani.

Kwa watu wawili, siku nne, pamoja na fundi na nyanya za bure, tulitumia shilingi 94,300.

Jumatatu asubuhi nilikifunga kile kispana kwenye kipande cha gazeti pamoja na namba yangu ya simu, nikasimamisha gari la Magu, nikampa konda na kumwelekeza mwembe wa Nyanguge. Nilimpa elfu moja, akanirudishia. "Kispana hiki kina uzito gani, kaka?" Saa tano simu ikaita, namba ngeni.

"Kimefika," mzee akasema. "Na zile spoku?"

Nikamwambia zimeshika.